Mjusi Asiyekamatika

Ndugu Mhariri ameniomba nijaze kurasa chache za jarida hili la mkutano wetu, akaniusia nisirudie habari za uji wenye dudu, kengele ya alfajiri na fainali tuliyopokonywa, kwa sababu hizo huandikwa kila mwaka na kila mtu hudai ndiye aliyefunga lile bao. Nimemkubalia. Mimi nitaandika juu ya majina. Yale majina marefu ya kitaalamu tuliyoyakariri kama kasuku katika chumba cha Biolojia, tukayamwaga kwenye karatasi ya mtihani, na kesho yake tukayasahau. Nawaomba msigeuze ukurasa upesi. Nina deni katika jambo hili, na aliyekuwa akinidai alikuwa mmoja wetu.

Wale wa darasa letu watakumbuka siku moja ya mwaka 1974, tukiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Biolojia alipotutoa nje akatusimamisha chini ya ule mpingo uliokuwa nyuma ya karakana. Akauliza jina la kitaalamu la mti ule. Mimi niliyekesha na daftari nikanyosha mkono, nikatamka: Dalbergia melanoxylon. Nikasifiwa. Kisha akamgeukia mwenzetu mmoja, mtoto wa upande wa Mipingo, aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu bwenini. Jina lake silitaji, lakini wenyewe mnamjua. Akajibu, "Mpingo, mwalimu. Kwetu tunaukata." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Yeye hakutahayari. Akauliza, "Na hilo jina jingine, mwalimu, maana yake nini?"

Mwalimu akasema hicho ni Kilatini, hakina maana ya kutafutwa, kina maksi za kupatwa. Mwenzetu akauliza mara ya pili. Hapo akaonekana mkaidi, akapewa kufyeka majani Jumamosi nzima. Mwisho wa mwaka aliiacha Biolojia. Huyu ndiye kijana aliyejua mti upi huliwa na mchwa na upi hauliwi, mzizi gani hutuliza tumbo, na ndege yupi hujenga katika mti gani. Sisi tuliobaki darasani hatukuyajua hayo, ila tulijua majina.

Miaka kumi na miwili ikapita. Nikawa mwalimu, tena wa Biolojia. Siku moja ya mwaka 1986 msichana wa kidato cha pili akaniuliza swali lile lile juu ya jina lile lile, nami nikamjibu maneno yale yale: ni Kilatini, andika. Nilipokwisha kusema nikajisikia aibu, maana nilikuwa nimemfukuza kwa fimbo ya kuazima. Jioni ile nilikwenda kwa padre mmoja mzee wa misheni ya jirani, ambaye watu walisema alisoma lugha za kale seminarini. Nikamwandikia lile neno kwenye kipande cha karatasi. Akavaa miwani, akatabasamu.

"Hiki si Kilatini," akasema. "Ni Kigiriki. Melas ni nyeusi. Xylon ni mti, au ubao. Mti mweusi. Hicho ndicho mlichoshindwa kukisoma?"

Mti mweusi! Mtoto wa Mipingo alikuwa akiupasua mpingo tangu utotoni, akiona ule weupe wa nje na weusi wa ndani, na jina tulilomchekea lilikuwa likisema kile kile alichokijua. Wala haikuishia hapo. Padre akanionyesha kwamba xylon huyo huyo ndiye aliyemo katika zailemu, ile mirija ya kupandishia maji katika mmea, na melas ndiye aliyemo katika melanini, ile rangi iliyomo katika ngozi zetu. Maneno mawili yalifungua milango minne. Neno la kwanza, Dalbergia, halina siri: ni kumbukumbu ya Msweidi aitwaye Dalberg. Tangu jioni ile nikawa nakwenda kwa padre kila Jumatano, nikiwa na orodha ya majina mfukoni.

KWA NINI KIGIRIKI?

Utaratibu wa majina mawili mawili uliwekwa na Msweidi Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1753 na toleo la kumi la kitabu chake cha viumbe la mwaka 1758. Jina la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo mdogo; la pili ni la spishi, yaani kiumbe mwenyewe. Sarufi yake ni ya Kilatini, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya wasomi wa Ulaya wakati huo. Lakini wataalamu walipotaka neno jipya la kuelezea umbo la kiumbe, aghalabu walikimbilia Kigiriki, kwa sababu Kigiriki huunganisha maneno bila taabu. Sisi Waswahili hatuna haja ya kulistaajabia hilo. Yule mdudu tumwitaye kivunjajungu, na yule mwingine ajifanyaye amefariki tumwitaye kifauongo, wamepewa majina kwa ufundi huo huo: maneno mawili yamegandishwa, na tabia ya mnyama inaonekana.

Chukua kifaru wetu mweusi. Kitaalamu ni Diceros bicornis. Kwa Kigiriki di ni mbili na keras ni pembe. Kwa Kilatini bi ni mbili na cornu ni pembe. Kwa hiyo mnyama huyu anaitwa "Pembe-mbili mwenye pembe mbili". Sababu yake ni historia. Linnaeus alimwita bicornis, baadaye mtaalamu mwingine akamwundia jenasi mpya kwa Kigiriki, na sheria hairuhusu kulitupa jina la pili lililotangulia. Naye twiga, Giraffa camelopardalis, amebeba neno la Kiarabu lililopitia Ulaya, kisha Kigiriki cha watu waliomwona na shingo ya ngamia na madoa ya chui.

Likumbukeni hilo la sheria, maana tutalihitaji mbele: jina la kwanza laweza kubadilishwa kila wataalamu wanapobadili mawazo, bali la pili huganda.

KILIMA CHA TENDAGURU

Siku moja nikamuuliza padre juu ya mifupa ya kwetu Lindi. Miongoni mwa vitabu vyake vya Kijerumani mlikuwa na orodha ya majina ya wanyama wa Tendaguru, akaniruhusu niinakili yote kwa mkono.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Tendaguru ni kilima kilichoko kiasi cha kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, na jina lake husemekana kuwa la Kimwera, maana yake kilima chenye mwinuko mkali. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Mwaka 1907, nchi ikiwa bado haijapona majeraha na njaa ya Vita vya Majimaji, alifika profesa Eberhard Fraas kuiangalia. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilifanya uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Kwa wakati mmoja wachimbaji na wapagazi walifikia kama 500. Mifupa ilifungwa kwa plasta, mingine kwa vizimba vya mianzi, ikachukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, kisha ikapakiwa melini. Jumla yake ilizidi tani 200. Ni mabaki ya dinosaria waliokufa yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mmoja wao aliunganishwa akasimamishwa Berlin mwaka 1937, na mpaka leo yuko huko huko, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Sasa tazameni majina. Karibu yote yanaishia na saurus, kutoka sauros, mjusi. Mbele ya mjusi kuna sifa.

Kentrosaurus aethiopicus, jina la mwaka 1915, ni mjusi wa miiba, kwa kuwa mgongo na mkia wake vilijaa miiba mirefu ya mfupa. Kentron ni kitu chenye ncha ya kuchoma, kama mchokoo wa kuswagia ng'ombe. Padre alinionyesha neno hilo hilo katika Kigiriki cha Matendo ya Mitume, sura ya 26. Ajabu ni kwamba kutokana na ile ncha ya bikari inayochomwa katikati ya duara, neno hilo ndilo lililozaa "senta" ya mpira wa miguu. Ama aethiopicus, limetokana na jina ambalo Wagiriki wa kale waliwapa watu wa kusini ya Misri, maana yake wenye nyuso zilizochomwa na jua. Mjusi hakuwa na uso wa namna hiyo. Waliokusudiwa ni wenyeji wa bara alimookotwa.

Dicraeosaurus ni mjusi wa panda. Dikraios ni kitu kilichogawanyika kuwa pande mbili, na kweli mifupa ya shingo yake imechanua juu kama panda ya manati. Elaphrosaurus ni mjusi mwepesi, kwa wembamba wa miguu yake. Yule mkubwa wa mita 13 Janensch alimwita Brachiosaurus mwaka 1914, mjusi wa mkono, kwa kuwa miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Siku hizi wengi humwita Giraffatitan, yaani twiga-jitu, na Titani ni wale majitu wa hadithi za Kigiriki.

Mpaka hapo nilifurahi kama mtoto. Kila jina lilikuwa picha. Yule aliyelitunga alikuwa ameuinamia mfupa, akaona kitu, akakisema kwa maneno mawili, kama babu zetu walivyomwona kivunjajungu.

NA MAJINA YA PILI?

Kisha nikayageukia majina ya pili, na furaha ikapungua. Kwa Kilatini irabu ya i mwishoni mwa jina la mwanamume huwa na maana ya "wa". Brancai ni wa Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin. Hansemanni ni wa Hansemann, daktari aliyesaidia kuchangisha fedha za safari. Bambergi ni wa Bamberg, mwenye viwanda aliyetoa fedha. Sattleri ni wa Sattler, yule mhandisi. Kigiriki kilimweleza mnyama, na Kilatini kikamtaja bwana wa kushukuriwa.

Sisemi kwamba ni vibaya kumshukuru aliyetoa fedha. Lakini katika orodha yote niliyoinakili kwa mkono wangu, nilitafuta jina la mtu mmoja wa Lindi, walau mmoja kati ya wale mamia waliochimba, wakapiga plasta, wakabeba. Sikuliona.

Hata yale majina ya sifa hayakudumu yote. Fraas alipofika mwaka 1907 aliwaza kama tunavyowaza sisi tunapoona mfupa wa paja mrefu kuliko mtu: mwaka uliofuata akawaita wale wanyama wawili wa kwanza Gigantosaurus, mjusi-jitu. Kumbe mtaalamu mmoja wa Uingereza alikwisha kulitumia jina hilo mwaka 1869 kwa mifupa mingine, na sheria ni ya aliyetangulia. Ikabidi watafutiwe majina mapya. Mmoja akawa Tornieria mwaka 1911, kwa heshima ya Tornier; mwingine, baada ya kuzungushwa sana, akawa Janenschia mwaka 1991, kwa heshima ya Janensch. Neno la sifa likatoka, majina ya mabwana yakaingia.

Jina lililonikaa rohoni kuliko yote lilikuwa katikati ya orodha: Dysalotosaurus lettowvorbecki. Ni mnyama mla majani, atembeaye kwa miguu miwili, ambaye mifupa yake ilipatikana kwa wingi mahali pamoja, Kindope, karibu na kilima chenyewe. Padre alilitafuna neno la kwanza kwa muda, kisha akasema, "Dysalotos. Ambaye ni vigumu kumkamata. Mjusi asiyekamatika." Neno la pili hakuhitaji kunifasiria. Jina lilitolewa mwaka 1919 na mtaalamu wa anatomia Hans Virchow. Na jenerali Paul von Lettow-Vorbeck ndiye aliyeongoza majeshi ya Wajerumani katika nchi yetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawazungusha Waingereza kwa miaka minne, asiweke silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Huko kwao alipokewa kama shujaa. Yamkini mnyama mwenyewe alikuwa na mbio. Lakini jina zima likisomwa pamoja huwa ni shairi la kumsifu jenerali, limeandikwa juu ya mfupa uliotoka Kindope.

MAZUNGUMZO CHINI YA MKOROSHO

Mwaka 1991 nilikwenda Lindi kwa msiba, na nilipomaliza nikasema, kwa kuwa niko karibu, nimtafute yule mwenzetu. Nilimkuta kwake, kijiji kilichoko kando ya njia waliyopita wapagazi, akiwa na shamba la mikorosho na rundo la magogo ya mpingo uani. Alinipokea kwa furaha, akaniita "Profesa" kama zamani, na mkewe akatuletea korosho za kukaanga. Baada ya kula nikamwambia nimemletea jibu la swali lake la mwaka 1974.

"Swali gani?" akauliza.

"Melanoxylon. Maana yake mti mweusi."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Akaokota kipande cha mpingo, akakigeuza geuza, akasema, "Basi mwalimu angesema hivyo tu, nami nisingefyeka." Nikamwomba radhi kwa kicheko changu cha siku ile. Akasema yamekwisha, lakini nilimwona amefurahi kuombwa.

Nikamtolea orodha yangu, nikamsomea mmoja mmoja. Mjusi wa miiba alimpenda. Mjusi wa panda akataka kujua panda yake ilielekea wapi. Nilipofika kwa mjusi asiyekamatika na kumwambia ni nani aliyepewa heshima hiyo, akanyamaza. Kisha akaniambia jambo ambalo, kwa miaka yote tuliyolala kitanda juu ya kitanda, hakuwahi kulisema.

Babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wa wapagazi wa mifupa. Alikuwa kijana wakati huo, akienda Lindi na kurudi kwa ujira, na nyumbani walikuwa wakisimulia jinsi alivyojisifu kwamba amebeba goti la zimwi. Vita vikaja. Mwaka 1917, mwaka wa mapigano makali ya Mahiwa, askari walipita wakitaka watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Wakamtoa shambani na jembe mkononi. Hakurudi. Hawana kaburi lake, wala hawakuletewa habari.

"Sasa wewe Profesa," akaniambia, "huyo jenerali wako hakukamatika kwa sababu waliokamatwa walikuwa wengine. Babu yangu alikamatwa mara moja tu, ikatosha."

Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo. Historia iko upande wake. Majeshi yote mawili yalitembea kwa mabega ya wapagazi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, na vijiji vilivyonyang'anywa chakula vikafa njaa pia. Kwa upande wa Waingereza kikosi cha wapagazi kiliacha jina lake Dar es Salaam, na mpaka leo twasema tunakwenda Kariakoo kununua nguo bila kukumbuka kwamba ni jina la wabeba mizigo. Kwa upande wa Wajerumani aliyebakia katika jina ni jenerali. Tena ameganda: mwaka 1977 mtaalamu mmoja alimhamisha yule mnyama katika jenasi ya Dryosaurus, mjusi wa mti, na baadaye wengine wakamrudisha kuwa Dysalotosaurus. Neno la kwanza limekwenda na kurudi. Lettowvorbecki liko pale pale, nalo litakuwapo, kwa sababu sheria ndivyo ilivyo.

MAJINA MAPYA

Ningeishia hapo kama ningeandika makala haya wakati ule. Lakini tangu hapo mambo yamesogea, na ni haki yaandikwe.

Mwaka 2007 mtaalamu Mjerumani Kristian Remes aliichunguza upya mifupa ya shingo iliyotoka Tendaguru, akaona ni ya mnyama ambaye hajapewa jina. Akamwita Australodocus bohetii. Australis ni Kilatini, ya kusini. Dokos ni Kigiriki, boriti, neno lile lile lililomo katika Diplodocus wa Marekani. Na bohetii ni wa Boheti. Boheti bin Amrani alikuwa nyapara mkuu wa machimbo ya Tendaguru na fundi wa kuisafisha na kuitayarisha mifupa; mtu ambaye bila jicho na mkono wake mingi ya mifupa hiyo ingefika Berlin ikiwa kokoto. Ilipita karibu miaka mia moja kabla hajatajwa.

Nilimpigia mwenzetu simu siku nilipoipata habari hiyo. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli ni jina la mtu wa machimboni, Mwafrika, si la mkubwa fulani. Nikamhakikishia. Akasema, "Haya. Ameanza mmoja."

Wa pili alikuja mwaka 2019. Mkia wa dinosaria aliyechimbwa zamani zile uliangaliwa upya, ukapewa jina Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, kwa heshima ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji ule. Hilo mwenzetu hakulisikia. Tulimzika mwaka 2014.

Kadhalika Kiswahili chenyewe kimeingia katika nafasi ya Kigiriki, au kimeketi kando yake. Mwaka 2010 mnyama wa kale mno, wa kiasi cha miaka milioni 240, kutoka bonde la Ruhuhu kusini magharibi, aliitwa Asilisaurus kongwe. Asili ni letu, sauros ni la Wagiriki, kongwe ni letu. Mwaka huo huo mamba mdogo wa kale wa bonde la Rukwa, mwenye magego kama ya mnyama anyonyeshaye, aliitwa Pakasuchus kapilimai: paka, kisha souchos, mamba, kisha jina la hayati Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na hilo souchos, padre angependa niwaambie, Wagiriki wenyewe walilichukua Misri, kwa Sobek, mungu mamba wa watu wa Nile. Kwa hiyo Kigiriki nacho kilikopa Afrika kabla Afrika haijakopa kwake. Mwaka 2019 akafuata mmoja ambaye hana Kigiriki wala Kilatini hata chembe: Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa Mtuka, ambaye pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Nililisoma jina hilo mbele ya wajukuu zangu. Hakuna aliyeniuliza maana yake.

OMBI LANGU KWA WENZANGU

Wengi wetu ni walimu waliostaafu, au wazazi, au mababu. Mtoto akiwauliza maana ya neno gumu la kitabuni, msimfukuze kama nilivyofanya mimi mwaka 1986. Kama hamjui, semeni hamjui, kisha mtafute pamoja. Mizizi ishirini tu ya Kigiriki yatosha kufungua nusu ya kitabu cha Biolojia: derma ni ngozi, odous ni jino, kephale ni kichwa, pous ni mguu, rhis ni pua, pithekos ni nyani, anthropos ni mtu, na kadhalika. Mtoto akishajua hayo hakariri tena, anasoma. Na akifika kwenye jina la pili, mwambieni pia nani ametajwa, na nani alikuwapo asitajwe. Hiyo nayo ni elimu.

Mkutano wetu utakapokaa nitaleta hoja mbili ndogo. Ya kwanza, tuchange karatasi ngumu na rangi, tuandike orodha ya mizizi hiyo kwa Kigiriki na Kiswahili, itundikwe katika maabara ya shule. Ya pili, kama ule mpingo wa nyuma ya karakana bado upo, uwekewe kibao. Ubao na rangi nitatoa mimi. Kiandikwe mistari mitatu: Mpingo, Dalbergia melanoxylon, mti mweusi. Jina la aliyeuliza halitaandikwa, kwa kuwa mwenyewe hakupenda makuu, lakini sisi wa darasa lile tutajua ni kibao cha nani.

Wasalaam.